Siku Niliyompeleka Mgeni Rasmi Kusikiliza Nyota

Nianze kwa kukiri, maana wengine wenu mmeshaisikia hii habari kwa watu, na watu wanaongeza chumvi. Ni kweli, mimi Fundi Chande nilimtoa mkubwa mmoja wa serikali kitandani kwake alfajiri, nikamkalisha kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cha kufuma, nikamwambia atulie asikilize nyota, na kabla jua halijakolea mkubwa huyo alikuwa amelala kifudifudi kwenye salfa, wa njano kuanzia nywele mpaka soksi, na mimi nimemwangukia juu. Wanaosema alipoteza kiatu ni waongo, kiatu kilipatikana siku ile ile. Mengine yote ni kweli na aibu yake bado ninayo. Mpaka leo nikikutana na gari la serikali barabarani nageuka kuangalia duka, hata kama upande huo hakuna duka.

Sasa ili mnielewe lazima niwaeleze habari za ukwe. Mimi kwetu ni Kilimarondo, Nachingwea ndani kabisa, ambako ukipanda mahindi unapanda yako na ya tembo. Nilimwoa Zuhura, binti wa Ruangwa, na kama ilivyo desturi yetu huku nikahamia kwao, nikapewa kiwanja nyuma ya nyumba ya mama yake, nikajenga chumba na baraza, na barazani nikaweka meza yangu ya ufundi: redio, pasi, tochi, saa za ukutani, chochote chenye waya. Mwanaume aliyehamia ukweni anatazamwa (wenzangu mnajua), akichelewa kuamka inajulikana, akiongeza ugali inajulikana. Na juu ya hapo kuna heshima. Mimi na mama mkwe wangu, Bi Somoe, hatukuwa tunaangaliana usoni wala kusemeshana. Nikimwona anakuja nasogea pembeni ya njia, natazama chini mpaka apite. Akitaka kitu anamwambia Zuhura, hata kama sote watatu tuko kwenye ua mmoja na mimi nasikia kila neno. "Zuhula, mwambie mkwe mpini wa jembe umevunjika." (Kwake kila r ni l.) Na Zuhura ananigeukia, wala hacheki, "Mama anasema mpini wa jembe umevunjika." Asubuhi ndiyo kabisa, upande wa mikoroshoni sikanyagi, kwa sababu mama mkwe anakuwa huko na nguo za shamba, kanga kaifunga kifuani, kichwa wazi, na mkwe hatakiwi kumkuta hivyo.

Bi Somoe alikuwa mjane mwenye mikorosho hamsini na kitu, na mwaka ule (ilikuwa miaka ya elfu mbili, simu za mkononi zimeshafika Ruangwa lakini ili upate mtandao unapanda juu ya kichuguu) alikuwa ameshatangaza kwa kila mtu kwamba akivuna tu anaezua nyasi anaweka bati. Maisha yake yote alilala chini ya nyasi, mvua ikinyesha anahamisha kitanda kutoka kona hii kwenda kona ile, na habari ya bati aliisema kama wengine wanavyosema habari ya kwenda Maka. Lakini mikorosho bila salfa, ule unga wa njano wa dawa, hakuna kitu. Maua yakitoka, ubwiri unga unayaingia, yanakuwa kama yamemwagiwa majivu, halafu yanakuwa meusi, halafu umekwisha. Na salfa inapulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani ili unga ushike, upepo haujaamka. Jua likipanda, upepo unaichukua salfa yako unaipeleka kwa jirani.

Mashine yake ya kupulizia, ile ya kubeba mgongoni yenye injini ya petroli na kamba ya kuvuta, aliachiwa na marehemu mume wake, na maua yalipoanza tu ikagoma. Akamwambia Zuhura amwambie mkwe. Nikaifungua, nikaona ugonjwa mara moja: waya wa plagi umekatika kwa uzee. Waya wa plagi ni mnene, una ganda nene la mpira, maana umeme unaopita mle ni mkali, na madukani Ruangwa ulikuwa umekwisha, mpaka Nachingwea. Mimi nipande basi mpaka Nachingwea kwa waya wa shubiri mbili, na mezani nina redio nne za watu? Nikachukua waya wa spika, ule mwembamba wenye mstari mwekundu, nikauzungushia utepe mweusi, nikafunga, nikavuta kamba mara moja, ikawaka. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, mashine inanguruma ua mzima. Mama mkwe akiwa ndani akapiga kigelegele, nikamsikia, "Zuhula, mwambie mkwe Mungu amzidishie," na mimi nikavimba kichwa. Huo ndio uamuzi wenyewe, waya wa spika, na mengine yote yalitoka hapo.

Kesho yake, saa kumi na mbili kasoro, nimekaa barazani na kahawa yangu, nasikiliza habari za Kiswahili kutoka ng'ambo kwa masafa mafupi, na siku hiyo wakaleta habari ya ajabu: wataalamu wenye madishi makubwa makubwa wamenasa mlio wa redio kutoka mbali angani, huko nje kabisa kuliko nyota tunazoziona, mlio mfupi kuliko kufumba jicho, umekuja mara moja haukurudi, na hakuna anayejua umetoka kwenye nini. Wengine wanasema nyota zimegongana, wengine wanasema nyota imekufa, na wapo wanaosema pengine ni mtambo wa hapa hapa duniani umewachezea. (Hii ya mwisho niliisikia vizuri kabisa. Niliona ni wivu wa wasomi.) Mtangazaji hajamaliza, redio yangu ikafanya krrt. Kimya. Krrt, krrt. Kimya kirefu kidogo. Krrt. Kahawa ilinimwagikia mapajani na moto wake nikausikia baadaye sana.

Fundi mwenye akili timamu angejiuliza, hapa jirani kuna nini kinachotoa cheche? Mimi nilikuwa fundi, tena wa kutegemewa, lakini ndiyo kwanza nilikuwa nimeambiwa kwamba dunia nzima inatafuta mlio kama huu, na mlio umekuja barazani kwangu. Nikanunua daftari. Kila asubuhi nikaandika: mara tatu, kimya, mara mbili, kimya, mara nne mfululizo kama mtu mwenye hasira, kimya kirefu sana, mara moja. Jua likishachomoza, hakuna tena. Na kulikuwa na mambo ya kutisha zaidi. Ijumaa nyota hazikupiga kabisa. Halafu kuna siku tulikuwa na msiba mtaa wa pili, watu wote hawakwenda shamba, na siku hiyo redio ilikaa kimya tangu habari mpaka taarabu. Nilipolisema hilo kwenye kahawa watu waliweka vikombe chini. Mzee mmoja akasema basi hao viumbe wana ustaarabu kuliko vijana wetu. Mwingine akauliza wamejuaje kama kuna msiba, akajibiwa kwamba mwenye kuweza kupiga redio kutoka kwenye nyota hashindwi kujua nani kafa Ruangwa.

Kwenye meza yangu kulikuwa na redio ya Mwalimu Lipande, anayefundisha fizikia sekondari moja Nachingwea, mke wake yuko Ruangwa kwa hiyo kila Jumamosi anakuja. Mwalimu huyu alikuwa amefundisha fizikia miaka mingi bila maabara, betri anaichora ubaoni, sumaku anaichora ubaoni, mpaka wanafunzi wake wakiiona sumaku yenyewe wanasema haifanani. Jumapili alfajiri nikamwita asikilize. Krrt, krrt, krrt. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba alikuwa anasikia kwa macho. Akanieleza jambo ambalo kumbe ni kweli: nyota huchomoza mapema kidogo kila siku, dakika nne hivi, kwa hiyo kama mlio unatoka kwenye nyota, na wenyewe lazima uwahi dakika nne kila siku. "Daftari lako linasemaje, Fundi?"

Daftari langu lilikuwa linasema mlio unaanza adhana ya alfajiri ikishapita na watu wakishatoka msikitini, kila siku, bila kuwahi hata dakika moja. Nikamwambia, "Mwalimu, niachie wiki moja nilipange vizuri." Na nikalipanga. Nikakaa na kalamu, nikatoa dakika nne hapa, nane hapa, kumi na mbili hapa, kazi safi kabisa. Kufikia wiki ya tatu nyota kwenye daftari langu zilikuwa zinaanza kupiga saa kumi na moja kasoro, muda ambao mwandishi wa daftari alikuwa bado anakoroma.

Mwalimu alipoliona akanishika mkono. Akaniambia niende Nachingwea nikawaeleze walimu wenzake. Jioni ya kuamkia safari Zuhura akaniambia, "Mama anasema ile mashine inataka mkono wa mwanaume."

"Imeharibika?"

"Hajasema imeharibika. Anasema inawaka, anashukuru, ila inataka mkono wa mwanaume."

"Mwambie nikirudi."

Zuhura alinitazama sana. "Baba Asha," akasema, "mama hajawahi kukuomba kitu mara mbili. Hii ni mara ya pili." Nikamwambia kuna mambo makubwa yanaendelea ambayo siwezi kumweleza mtu wa jikoni. (Ndiyo, nilisema hivyo, mdomo huu huu. Nimeshalipia.)

Nachingwea nilipokewa kwa soda. Nikasimama mbele ya walimu kumi na wawili na daftari langu, nikasema maneno kama masafa na mawimbi na anga za mbali, wakapiga makofi, mwalimu wa jiografia akaomba nimwandikie mfano wa mlio kwenye karatasi, nikamwandikia krrt. Nilipotoka nikapita duka la vipuri karibu na stendi, na pale mlangoni, kwenye msumari, umening'inia waya wa plagi, mweusi, mnene, mzima. Niliuona. Nikausogelea mpaka nikaushika. Kisha nikakumbuka kwamba Mwalimu amesema eriali ndefu itanasa vizuri zaidi, na pesa niliyokuwa nayo ilikuwa ya kitu kimoja. Nikatoka dukani na mita thelathini za waya wa shaba begani, najiona mtaalamu.

Habari zikamfikia Mtendaji wa Kata yetu, mtu ambaye akisikia jambo lolote, liwe kipindupindu au harusi, anaunda kamati. Akaunda kamati ya watu kumi na moja, akaipa kamati ndogo ya chakula, na kamati ndogo ya chakula ilikutana mara nyingi kuliko kamati yenyewe. Mimi nikawa katibu. Kulikuwa na ubishi mkubwa kama nyota zikitusemesha tuzijibu kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na ikakubaliwa tujibu kwa Kiswahili kwanza ili wananchi waelewe. Hatimaye Mtendaji akapata mgeni rasmi, mkubwa hasa, mwenye gari lenye bendera, akampa tarehe na akampa saa kutoka kwenye daftari langu. Saa kumi na moja kasoro.

Niwaambie ukweli, usiku ule sikulala. Watu walijaa uani tangu saa kumi, wengine wametoka Narung'ombe kwa baiskeli, kamati ya chakula imeshawasha moto, mgeni rasmi kakaa mbele na suti nyeusi, redio yangu imeunganishwa kwenye amplifaya ya harusini na spika mbili zenye urefu wa mtu. Saa kumi na moja kasoro ikafika. Spika zikafanya shhhh. Saa kumi na moja. Shhhh. Mtendaji akasema nyota nazo zinaona aibu mbele ya mgeni, watu wakacheka kwa heshima. Saa kumi na moja na nusu mgeni rasmi akaangalia saa yake, Mwalimu Lipande akaangalia saa yake, kisha akaliangalia daftari, kisha akaniangalia mimi. Adhana ikatoka, waumini wakaenda wakarudi. Jasho lilinishuka mgongoni na kulikuwa na baridi ya Julai.

Ndipo spika zikapasuka. KRRT. Watoto wakalia, mbuzi akakata kamba. KRRT, KRRT. Kimya. Mgeni rasmi akasimama, akavua kofia. Mwalimu Lipande machozi yalimtoka kabisa, na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha kuliko siku ya ndoa yangu.

Lakini Mwalimu alikuwa mwalimu kweli, na shida ilianzia hapo. Akachukua redio ndogo ya mkononi, akawa anaizungusha huku na huku. "Fundi, ukiigeuzia huku mlio unapungua. Ukielekea huku unazidi." Akapiga hatua kumi. "Unazidi sana. Huu mlio hautoki juu, unatoka kule." Akaonyesha mikoroshoni.

Mtu mmoja nyuma akasema basi kimeshatua. Neno hilo lilipita uani kama moto wa nyasi, kimetua, kimetua, na Mtendaji akanyoosha mikono, "Wananchi, utulivu. Fundi ataongoza, mgeni rasmi atafuata, kamati nyuma yake."

Nikamwambia, "Mtendaji, upande ule asubuhi mimi siendi."

"Kwa nini?"

"Kuna mama mkwe."

Mtendaji akanivuta pembeni. Akaniambia serikali imeamka saa tisa za usiku kwa ajili yangu, halafu nimwambie mgeni rasmi kuna mama mkwe? Nilipima aibu mbili hizo, ya ukweni na ya serikali, na nikachagua ile niliyodhani ni ndogo. Nikachomoa redio kubwa kwenye amplifaya, nikaikumbatia kifuani, ule waya wa shaba nikauzungushia kiunoni ili usivutike ukakatika, zikabaki mita chache tu, na ncha ya pili, kwa heshima, akapewa mgeni rasmi aishike juu. Akaizungusha mkononi mara mbili tatu ili isimponyoke. Tukaingia mikoroshoni kwa mwendo wa maandamano, watu mia na zaidi, hakuna anayekohoa.

Krrt, inasema redio kifuani kwangu. Krrt, krrt. Na sasa, kwa sababu spika hazipo na watu wamenyamaza, nikaanza kusikia kitu kingine pamoja na krrt: kamba ikivutwa, kwaruu, na kila kwaruu ina krrt yake. Nikajua kabla sijaona. Mikono hii ya fundi ilijua.

Halafu tukasikia sauti ya mtu mzima akihema, anaongea na kitu polepole, kwa ubembelezi, kama mtu anayemlisha mgonjwa. "Waka, mwanangu. Leo tu. Maua yanakwisha hayo. Nikienda kuazima kwa watu wataniuliza, mkwe wako si fundi? Nitawajibu nini? Waka basi, usimwaibishe mkwe wangu."

Kwaruu. Krrt.

Nilikuwa nimeshazunguka shina la mkorosho, siwezi kurudi. Bi Somoe alikuwa ameinama, mguu mmoja kauweka juu ya mashine, kanga kifuani, kichwa wazi, viganja kavifunga vitambaa kwa malengelenge. Akainua uso. Tangu nimwoe binti yake ndiyo mara ya kwanza tumetazamana macho kwa macho, na nyuma yangu kuna serikali.

Mkwe akimkuta mama mkwe hivyo anakimbia. Hafikirii, miguu yenyewe inakimbia, tumelelewa hivyo. Nikageuka nikakimbia kwa nguvu zote, nimesahau kwamba kiunoni nimefungwa waya na mgeni rasmi ameuzungusha mkononi. Waya ukamvuta akanijia, tukagongana vifua, akanizunguka kama mbuzi wa kamba fupi, nikajikwaa kwenye mfuko wa salfa uliokuwa wazi, na tukaingia wote wawili, yeye chini, mimi na redio juu. Lilitoka wingu la njano mpaka Mtendaji akapotea machoni. Watu waliokuwa nyuma kabisa, ambao hawakuona chochote isipokuwa moshi wa njano, walikimbia mpaka barabarani, na wapo waliokwenda kueleza mjini kwamba nyota imelipuka.

Salfa ilipotulia, Mwalimu Lipande alikuwa amepiga magoti kwenye mashine. Aliuvuta ule waya kwa vidole viwili, utepe mweusi umelowa umande, mstari mwekundu unaonekana. Akavuta kamba taratibu, na sote tukaona cheche ndogo ya buluu ikiruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye bati la injini, na redio iliyokuwa chini yangu ikasema krrt.

"Umeme haufiki kwenye plagi," akasema, sauti haina hata hasira. "Waya huu ukilowa umande, umeme unavujia njiani. Mchana waya ukikauka, mashine inawaka. Huu ni waya wa spika. Nani aliweka waya wa spika hapa?"

Mia nzima walinitazama, na mimi niko chini, naangalia mizizi. Bi Somoe alikuwa ameshajifunika kanga mpaka usoni, ametugeuzia mgongo. Akasema, si kwangu, aliusemea mkorosho, "Mkwe kalekebisha vizuri. Mkono wangu tu umezeeka."

Jamani, angenitukana. Zaidi ya wiki tatu, ukitoa Ijumaa na siku ya msiba, mama yule alivuta kamba kuanzia umande mpaka jua, hakuazima mashine ya jirani, hakumwambia binti yake kwamba haiwaki, kwa ajili ya kulinda jina langu la fundi, na kila alipovuta mimi niliandika kwenye daftari. Nililia pale pale kwenye salfa, na salfa ikiingia machoni na machozi ni mateso, kwa hiyo watu walidhani nalilia macho.

Mgeni rasmi aliondoka bila kunywa chai, ingawa kamati ndogo ya chakula ilikunywa. Baadaye Mtendaji aliandika taarifa kwamba chanzo cha mawimbi kimebainika na kudhibitiwa kwa ushirikiano wa wananchi, na kamati haikuvunjwa, nasikia ilihamishiwa kwenye masuala ya mbwa. Mwalimu Lipande hakunitukana. Alilichukua daftari, akalisoma tena ukurasa kwa ukurasa, akanirudishia. "Mlio ulikuwa wa kweli, Fundi," akasema. "Kitu pekee cha uongo humu ni hizi dakika nne." Nadhani maneno hayo yananiuma kuliko vicheko vya sokoni vyote.

Siku ile ile nilipanda basi la Nachingwea, bado wa njano masikioni, nikaununua waya ule kwenye msumari wake. Alfajiri iliyofuata, kwa ruhusa iliyopitia kwa Zuhura, niliibeba mashine mwenyewe mgongoni. Ikawaka kamba ya kwanza, kwenye umande. Nilipuliza kila mkorosho mpaka wa mwisho, lakini upande wote wa bondeni maua yalikuwa yameshakuwa meusi, ukigusa yanadondoka mkononi. Niliwatuma wajomba wa Zuhura na kuku wawili kuniombea radhi, na zikapokelewa, kuku wakaliwa, neno baya halikusemwa. Korosho zilipovunwa zilijaa magunia ya kula na kusomesha. Ya bati hayakuwepo.

Kwa hiyo mvua za kwanza zilinikuta mimi juu ya paa la Bi Somoe, nimebeba mafungu ya nyasi mpya, nafunga kamba kwa meno, maji yananiingia kwenye shati. Niliapa kule juu na ninaapa tena mbele yenu: mashine ya mtu sitaipima mchana, nitaipima saa ile ile anayofanyia kazi, na nikiambiwa inataka mkono wa mwanaume, nitaacha kikombe nisimame. Jirani alikuwa amefungulia redio kwa sauti kubwa, wanasema kule ng'ambo wataalamu bado wanabishana juu ya mlio wao. Sikusogea hata kidogo kusikiliza.

Chini yangu, ndani ya nyumba, nikasikia kitanda kinaburutwa, kisha sauti ya Bi Somoe, iko karibu kabisa, nyasi tu katikati yetu. "Zuhula, mwambie mkwe bado linavuja hapa."

Zuhura akatoka nje kwenye mvua, akanitazama juu. "Mama anasema bado linavuja hapo."

"Nimesikia," nikasema, nikasogea.